Kusawazisha kihisi joto cha vali janja ya radieta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Vali inaniambia chumba kina nyuzi 24, lakini kipimajoto cha mezani kinasema 21. Imeharibika?

Kwa kawaida haijaharibika. Vali janja hufungua na kufunga yenyewe maji ya moto yanayoingia kwenye radieta (kile chuma kinachopasha chumba joto), kwa kufuata halijoto inayopimwa na kihisi chake. Kihisi hicho kimo ndani ya kichwa cha vali, na kichwa hicho kimefungwa kwenye bomba la maji ya moto, sentimita chache tu kutoka ubavuni mwa radieta. Joto linakifikia kupitia chuma cha vali, kupitia mnururisho wa radieta, na kupitia hewa ya moto inayopanda kando yake. Kwa hiyo hiyo 24 inaweza kuwa sahihi kabisa, ila ni halijoto ya pale kihisi kilipo, siyo ya pale unapokaa. Kusawazisha ni kuijulisha vali tofauti iliyopo kati ya sehemu hizo mbili, ili ukiomba nyuzi 21 uzipate ulipo wewe.

Ukiiacha ilivyo, vali itafunga mapema mno. Umeomba 21, yenyewe inaona tayari zimefika, kumbe kwenye kiti una 18. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi wa mwaka 2018, lilitaja nyuzi 18 kuwa kiwango salama cha chini kwa nyumba za maeneo yenye baridi, na likaeleza kwamba wazee, watoto na wagonjwa huenda wakahitaji zaidi. Kwa hiyo kosa la nyuzi tatu kwenye chumba cha mtoto mchanga au cha mzee si jambo la kupuuzwa.

Kwa nini nisipandishe tu namba ninayoomba? Nikitaka 21 niandike 24.

Kama una radieta moja na unaigusa wewe peke yako, itakwenda. Shida huanza ukiwa na vyumba vinne, kila kimoja na kosa lake: sebuleni uandike 24, chumbani 22.5, jikoni 21. Baada ya wiki mbili hakuna mtu nyumbani anayekumbuka namba ipi ina maana gani, na ratiba ya usiku inakuwa ya kubahatisha. Tena kuna mifumo ambamo vali ndiyo inayoiambia boila (mtambo unaopasha maji ya radieta zote) iwake au izime. Hapo taarifa ya halijoto isiyo sahihi inaathiri nyumba nzima. Rekebisha kipimo mara moja, kisha kila namba utakayoandika iwe na maana ileile katika kila chumba.

Je, hii ndiyo ile kazi inayofanywa na vali ikifungwa mara ya kwanza, mota inapolia kwa sekunde kadhaa?

Hapana, na mkanganyiko huu unawapotezea watu muda mwingi. Mota inapolia, vali inajifunza urefu wa mwendo wa pini: inaisukuma mpaka mwisho ijue maji yanafungwa wapi, kisha inairudisha ijue yanafunguliwa wapi. Hapo hakuna kinachohusu halijoto.

Namna ya kutofautisha ni kugusa radieta. Kama vali inasema imefunga na radieta bado ni ya moto saa moja baadaye, usihangaike na kihisi. Huenda pini imekwama, au kipande cha kuunganishia si chake (vali nyingi zina uzi wa kukazia wa kipimo cha M30 × 1.5, lakini si zote), au kichwa hakijakazwa sawasawa. Kipachike upya, rudia zoezi la mota, na ukiisha kuona radieta inapoa vali inapofunga, ndipo urudi kwenye kusawazisha.

Nitumie kipimajoto gani kama kigezo?

Hapa ndipo kazi nzima inaposimama au kuanguka, kwa sababu ukisawazisha vali kwa kipimajoto kibovu umeihamishia vali ubovu huo. Vihisi vingi vya kidijitali vya nyumbani hukosea kwa nyuzi 0.3 mpaka 0.5 juu au chini. Kwa mfano, DS18B20, ambacho mafundi wengi wa nyumbani wanakitumia, kina uhakika wa nusu nyuzi juu au chini kati ya -10 na 85. Inatosha kabisa kwa kazi hii, mradi ujue kosa la kile ulicho nacho liko upande gani.

Kama kipimajoto chako kina ncha isiyoingiza maji, kipime kwa barafu. Ponda barafu iwe chengachenga, jaza bilauri mpaka juu, kisha mimina maji baridi kiasi cha kuziba nafasi tu. Yakiwa mengi mpaka barafu ikaelea na kuacha maji matupu chini, yapunguze. Koroga, ingiza ncha katikati bila kugusa kioo wala kitako cha bilauri, na usubiri dakika tatu nne huku ukikoroga taratibu. Namba itashuka haraka, kisha itaanza kusita, kisha itatulia. Inapaswa kutulia kwenye 0. Ikitulia kwenye 0.4, basi unajua kipimajoto chako kinazidisha kiasi hicho kwenye sifuri, na kwa vipimajoto vingi vya kawaida kosa lake kwenye nyuzi 20 halitakuwa mbali sana na hapo.

Kipimajoto cha kusimama mezani hakitumbukizwi majini. Hicho kiweke kando ya kile ulichokipima kwa barafu, vikae pamoja usiku kucha ndani ya boksi la karatasi lililofunikwa, ili upepo wa chumba usivitenganishe. Asubuhi soma vyote viwili haraka kabla pumzi na mikono yako haijavipasha. Nasisitiza hili la mikono: mtu akishika kipimajoto kidogo kwa nusu dakika tu namba hupanda, na itachukua muda kurudi.

Kukusanya vipimajoto vitano vya bei rahisi na kuchukua wastani si mbadala wa barafu. Vikiwa vya kiwanda kimoja, vinaweza vyote kukosea upande uleule.

Kipimajoto nikiweke wapi?

Pale mnapokaa au kulala, kwa kimo cha mtu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 7726 kinataja mita 1.1 kutoka sakafuni kuwa kimo cha kichwa cha mtu aliyeketi, na mimi naona ni mahali pazuri pa kuanzia. Chumbani, shusha mpaka usawa wa mto.

Epuka jua, hata lile linalopita kwa nusu saa tu alasiri. Epuka pia ukuta wa nje, sehemu ya juu ya televisheni, kando ya ruta na chini ya taa ya kusomea. Rafu ya vitabu iliyo wazi kwenye ukuta wa ndani inafaa. Rafu yenye milango haifai, kwa sababu humo ndani hewa inachelewa kufuata ya chumba.

Nipime wakati gani?

Swali hili linastahili nafasi kubwa kuliko yote, kwani wengi wanaosema "nilisawazisha, haikusaidia" walipima saa isiyofaa.

Tofauti kati ya vali na chumba haikai mahali pamoja. Radieta ikiwa imepoa kabisa, kihisi cha vali huonyesha karibu sawa na chumba, au hata chini kidogo kama kiko karibu na dirisha au sakafu yenye ubaridi. Radieta ikiwa inachemka asubuhi kukipandisha chumba kutoka 16, tofauti inaweza kuruka mpaka nyuzi tano au zaidi. Katikati ya hali hizo mbili kuna kipindi kirefu ambapo chumba kimeshafika halijoto uliyoomba na radieta inabaki vuguvugu kukishikilia pale. Hicho ndicho kipindi cha kupima, maana ndicho vali inachofanyia kazi saa nyingi za siku.

Kwa vitendo: weka namba moja, tuseme 23, ondoa ratiba kwa siku hiyo, funga milango na madirisha, fungua mapazia yanayofunika vali, na uache hivyo kwa saa tatu au nne. Wakati wa jioni ni bora kuliko mchana kwa kuwa jua halipo. Usipike wala kupiga pasi katika chumba hicho. Kisha soma vali na kipimajoto kwa wakati mmoja, urudie kila baada ya nusu saa kwa saa mbili.

Tuseme umepata hivi: vali 22.9, chumba 20.1, vali 23.1, chumba 20.3, vali 22.6, chumba 20.2, vali 22.8, chumba 20.2. Tofauti ni 2.8, 2.8, 2.4 na 2.6. Wastani ni 2.65, na kwa programu ya simu inayopokea marekebisho ya nusu nusu utaandika 2.5. Kama tofauti zingekuwa 1.2, 4.0, 2.1 na 3.5, usingeandika chochote. Hiyo ni dalili kwamba chumba hakijatulia, au kuna hewa inayopita, au vali inafungua na kufunga kwa nguvu. Subiri, au tafuta chanzo kwanza.

Niandike alama ya kujumlisha au ya kutoa?

Vali ikionyesha zaidi ya chumba, marekebisho ni ya kutoa. Ikionyesha chini ya chumba, ni ya kujumlisha. Vipo vifaa vichache vinavyogeuza, kwa hiyo hakikisha: ukishahifadhi marekebisho ya kutoa, halijoto inayoripotiwa lazima ishuke. Ikipanda, geuza alama.

La kuangalia zaidi ni marekebisho ya zamani. Namba unayoiona kwenye programu tayari imeshapitia marekebisho yaliyokuwepo. Chukua marekebisho ya sasa, ujumlishe halijoto ya chumba ukitoa halijoto ya vali. Mfano: marekebisho ya sasa ni -1.5, vali inaripoti 22.5, chumba kina 21. Tofauti ni -1.5, kwa hiyo marekebisho mapya ni -3. Mtu anayeandika -1.5 kwa kuwa ndiyo tofauti aliyoiona hajabadilisha kitu, na kesho atasema vali ni mbovu.

Baada ya kuhifadhi, ipe vali muda. Vali nyingi za betri hulala na kuamka kila baada ya dakika kadhaa ili kutunza betri, hivyo amri yako inaweza kuchelewa kufika. Kubonyeza mara tano mfululizo hakuharakishi.

Skrini ya vali inaonyesha namba tofauti na programu ya simu. Niamini ipi?

Kwenye vali nyingi, namba ya skrini ni ile uliyoomba, siyo iliyopimwa. Tumia ya programu, iliyoandikwa kuwa ni halijoto ya sasa.

Programu hainiruhusu kuzidi nyuzi 2.5, na mimi nahitaji 4.

Kikomo hicho kina asili yake. Katika kanuni za Zigbee (mfumo wa redio unaounganisha vifaa janja vya nyumbani) za vidhibiti joto, sehemu ya kurekebisha kipimo ilipangiwa kuanzia -2.5 mpaka +2.5 kwa hatua za 0.1. Watengenezaji wengine wameongeza nafasi, wengine wamebaki hapo.

Lakini kabla ya kulalamikia kikomo, jiulize kwa nini vali iko nyuzi nne juu ya chumba. Mara nyingi jibu linaonekana kwa macho: pazia refu limeangukia juu ya vali na kuifungia na hewa ya moto, au kochi limesukumwa mpaka kwenye radieta, au kuna boksi la mbao la urembo limeifunika radieta yote pamoja na vali. Pazia likipandishwa, kochi likivutwa sentimita ishirini, kosa linaweza kupungua sana lenyewe. Vali iliyofungwa kwa kulala, kichwa kikielekea chumbani, husoma vizuri kuliko iliyosimama wima juu ya bomba, kwa sababu ile ya wima inaogeshwa na joto linalopanda. Kama fundi anakuja kwa kazi nyingine, mwulize kama mwili wa vali unaweza kubadilishwa uelekee upande.

Boksi la mbao likiwa haliondoki, marekebisho hayatakufikisha mbali. Nenda kwenye kihisi cha nje.

Kihisi cha nje ni bora kuliko kusawazisha?

Kwa maoni yangu, ndiyo, iwapo vali yako inakipokea. Kihisi kidogo cha betri kinakaa mbali na radieta, kinaipelekea vali halijoto halisi ya chumba, na lile suala la tofauti inayobadilika saa hadi saa linaisha.

Kuna njia mbili. Ya kwanza, vali yenyewe inapokea halijoto kutoka kwa kihisi na kuitumia badala ya yake. Hiyo ndiyo ninayoipendekeza. Ya pili, programu ya nyumba inakokotoa marekebisho mapya kila mara na kuyaandika kwenye vali. Hii inafanya kazi lakini ina mitego. Lile kosa la kusahau marekebisho ya zamani hapa linajirudia lenyewe kila dakika chache, na namba inaanza kuyumba juu na chini bila kutulia. Kila ujumbe unaamsha redio na kula betri. Vifaa vingine huhifadhi marekebisho kwenye kumbukumbu ya kudumu, ambayo ina idadi ya mara inazoweza kuandikwa kabla ya kuchoka. Tena, ukishusha marekebisho kwa nyuzi mbili ghafla, vali inaweza kudhani dirisha limefunguliwa na kujifunga. Kwa hiyo andika tu pale tofauti inapozidi nusu nyuzi, na siyo zaidi ya mara moja kwa nusu saa.

Kwa njia zote mbili, panga mapema nini kitatokea betri ya kihisi cha nje ikiisha. Vali inayoendelea kuamini namba ya jana saa nne usiku itakipasha joto chumba bila kukoma au itakiacha kipoe. Mfumo mzuri hurudi kwenye kihisi cha ndani ya vali baada ya muda wa ukimya. Jaribu kwa kutoa betri ya kihisi makusudi siku uliyopo nyumbani, uone.

Chumba kimoja, radieta mbili. Nisawazishe vipi?

Tumia kipimajoto kimoja kilichowekwa mahali pamoja kwa vali zote mbili, na uzipime zote zikiwa zinafanya kazi. Marekebisho yao hayatalingana, na hayapaswi kulingana: iliyo chini ya dirisha inaweza kuhitaji -1 na ya ukuta wa ndani -3. Ukizisawazisha kwa vipimajoto viwili tofauti, moja itafunga kabisa na nyingine ibebe chumba chote.

Nimesawazisha vizuri, lakini chumba bado kinapitiliza kwa nyuzi mbili kisha kinashuka.

Hilo si kosa la kihisi. Vali ikishafunga, maji na chuma cha radieta bado vina joto la kutoa kwa dakika nyingi, hasa radieta nzito za chuma cha zamani. Kama boila inapeleka maji ya moto sana, chumba kinapanda kwa kasi na vali inachelewa kukishika. Shusha joto la maji ya boila hatua kwa hatua, na uangalie kama mtiririko wa maji kati ya radieta umegawanywa sawa: radieta iliyo karibu na boila mara nyingi hupata maji mengi kupita inavyohitaji, na vali yake ya upande wa pili inaweza kubanwa kidogo. Ukibadilisha joto la maji, pima upya tofauti, maana nayo itakuwa imepungua.

Nirudie baada ya muda gani?

Kihisi chenyewe hakihami haraka. Kinachobadilika ni mazingira yake. Pima upya msimu wa baridi unapoanza, ukihamisha samani au kubadili mapazia, ukibadilisha joto la maji ya boila, na baada ya kuirudisha vali kwenye hali ya kiwandani, kwani marekebisho huweza kufutika. Wakati wa kiangazi, vali yenye -3 itaonyesha chumba kuwa na nyuzi tatu chini ya ukweli. Usiiguse. Radieta imepoa, na marekebisho yale yalikuwa ya wakati wa moto.

Tunasafiri na nyumba itabaki kwenye kinga ya kuganda, yaani namba ya chini ya kuzuia maji yasigande mabombani. Marekebisho yana madhara?

Yana madhara, na inategemea alama. Nyumba tupu iliyopoa haina lile joto la radieta linalokidanganya kihisi, kwa hiyo marekebisho yote yanageuka kuwa kosa tupu. Tuseme kinga imewekwa nyuzi 5. Vali yenye -3 itafungua chumba kikiwa na 8: utatumia nishati zaidi kidogo, lakini mabomba yako salama. Yenye +3 itasubiri mpaka chumba kishuke 2, na bomba linalopita kwenye ukuta wa nje linaweza kuwa limeshaganda. Kwa vali yoyote yenye marekebisho ya kujumlisha, pandisha namba ya kinga kwa kiasi hichohicho kabla ya kuondoka, hivyo ya +3 iwe 8, na uhakikishe boila haijazimwa na betri za vali hazijakaribia kuisha.